Vibati vya Fundi Uledi

Fundi Uledi hakujua kupiga wimbo hata moja. Ukisema hivyo mbele ya watu wa Rumonge watakucheka, maana nyumba yake, kule chini karibu na ziwa, ukiingia tu unakuta kuta mbili zimejaa vyombo vya muziki toka juu mpaka chini. Kuna inanga, zile mbao ndefu zilizochimbwa kama sinia na nyuzi nane zinapita juu. Kuna zeze za uzi moja. Kuna ikembe, ile ya vyuma ya kupiga na dole gumba. Kuna udi wa taarabu wenye tumbo kama mama mwenye mimba ya miezi nane, kuna akordeo, kuna gita mbili za Wakongomani. Ishirini na tatu kwa jumla. Lakini yeye kazi yake ilikuwa kutengeneza, basi. Anakaza uzi, anafunga jicho moja, anagonga mara tatu, ti, ti, tiii, anasema "imepona", anatundika. Hizo sauti tatu ndiyo muziki yake yote kwa miaka arobaini na zaidi.

Muke wake, Tahira, alikuwa anamuchokoza: "Wewe ni kama mukunga ambaye hajabeba mutoto hata siku moja mugongoni."

"Na wewe uliyebeba," Uledi anajibu, "niimbie basi."

Tahira anaimba, vibaya kabisa, mupaka majirani wanapiga ukuta.

Sasa Tahira hayuko. Alikufa miaka sita imepita, na kama vile ziwa lilikuwa linangoja aondoke, mwaka uliofuata likaanza kupanda. Likaingia kwenye uwanja wa wauza ndagala, wale samaki wadogo, likaingia kwa jirani wa kushoto, likaingia kwa jirani wa kulia. Watu wakabeba mabati yao na milango yao, wakapanda juu, wengine mupaka Gatete. Kwa Uledi maji yalifika kizingitini, yakakaa wiki mbili, yakarudi. Yeye akahamisha misumari tu, akatundika vyombo juu zaidi, akabaki. Kushoto kwake sasa kuna ukuta moja umesimama peke yake na dirisha bila nyumba. Kulia kuna matete. Asubuhi anaamka, anaswali, anakoroga uji wake, halafu anapita ukutani na kugonga kila chombo mara tatu, kama mwalimu anayeita majina darasani. Akimaliza ya ishirini na tatu, hakuna mutu mwingine wa kuita mupaka kesho.

Mwezi wa pili mwaka huu akaanza kukosa pumzi. Lopitali dokteri akamuwekea kile chuma baridi kifuani, akasikiliza muda mrefu.

"Muzee, moyo wako umekuwa mukubwa."

"Si ndiyo vizuri?"

"Hapana, muzee. Umekuwa mukubwa kuliko nafasi yake. Unachoka." Akamuandikia vidonge, akamuambia asibebe kitu kizito, na aanze kupanga mambo yake.

Uledi akarudi nyumbani polepole, anapumzika kila kwenye kivuli. Kufa hakukumutisha sana. Tahira alikufa na hakulalamika, kwa nini yeye alalamike? Kilichomutisha ni ukuta. Akaketi kwenye kiti chake, akautazama, akampigia simu binti yake wa pekee, Sumaya, ambaye iko Bujumbura, anashona nguo Buyenzi.

"Uza, baba," Sumaya alisema, na mashine inasikika nyuma, trrr, trrr. "Kuna watu hapa wanatafuta vitu vya zamani, wanaweka kwenye mahoteli."

"Wanaweka wapi?"

"Kwenye ukuta, nyuma ya wauza vinywaji. Inapendeza."

"Na nani atakaza nyuzi?"

"Baba, nani anakaza nyuzi ya kitu ya ukutani? Mimi nakaa chumba kimoja na watoto watatu, nitaweka wapi inanga? Juu ya kichwa?" Halafu sauti yake ikapungua. "Njoo ukae na sisi, baba." Lakini alisema hivyo haraka, kama mutu anayekaribisha wageni wakati sufuria iko tupu, na Uledi akamuambia atafikiri.

Ndipo Josias akaingia. Josias ni kijana wa komini, ile ofisi ya serikali, anashughulika na mambo ya vijana na michezo, kofia haitoki kichwani, hata mbele ya mukubwa wake. Mwaka jana alileta wageni kupiga foto, na toka siku hiyo hakumuacha Uledi.

"Papa Uledi, amahoro! Nina habari. Kwenye santere ya vijana kuna chumba, walikuwa wanaweka mipira iliyopasuka. Tumekitoa. Tunaweka mukusanyiko wako wote mule, vioo, taa, kila kitu. Na kwenye mulango tunaandika SALLE ULEDI, yaani chumba cha Uledi. Kwa bluu!"

"Jina langu?"

"Jina lako, papa. Herufi hivi." Akafungua mikono kama anayeonyesha ukubwa wa samaki.

Sikia vizuri hapa, maana kila kitu kinatoka hapa. Uledi hakuwa na mutoto wa kiume. Kaka zake wawili walikufa, moja kwa maji, moja kwa vita. Mutaa umeondoka. Akifa leo, kesho hakuna mutu atasema "pale kwa Uledi", maana hata pale penyewe ziwa litachukua. Lakini mulango wenye jina, kwa bluu! Mutu anapita anaenda kununua sabuni, anasoma: Uledi. Siku tatu muzee alitembea na ile mulango kichwani, anaifungua, anaifunga. Ya nne akamuita Mwalimu Ibrahim aje kumuandikia wasia, ili Sumaya asije akauza na komini wasije wakabadilisha maneno.

Mwalimu Ibrahim ni mwalimu wa madrasa, ila ukimuona utafikiri ni mutu wa mawese tu, maana mchana anapika sabuni ya mawese, na mikono yake ni myeupe mupaka viwiko. Hajafika hata miaka hamsini. Alikuja na kaye, daftari ya shule, na biki ya kuandikia, akakaa, akatazama kuta.

"Baba Sumaya, nitaandika, lakini hivi vya nyuzi mimi sivigusi. Watu wasije wakasema mwalimu ameanza bendi."

"Wewe gusa biki yako. Vya nyuzi niachie."

"Bon. Kwanza ujue: wasia ni theluthi. Huwezi kumupa mutu wa nje zaidi ya theluthi ya mali yako. Zingine ni za warithi."

"Murithi ni Sumaya, na Sumaya hataki."

"Asipotaka atasema mwenyewe, wewe ukiwa umeshazikwa."

"Basi ishirini na tatu, theluthi yake ni ngapi?"

"Saba na kitu."

"Hiyo 'na kitu' ndiyo nini? Nimukatie Josias akordeo katikati?"

Wakacheka wote wawili. Mwalimu akapanguza macho na kiwiko. "Ngoja, hatujafika huko. Kabla ya theluthi kuna madeni na amana. Kitu cha mutu ulichoachiwa, hicho hakirithiwi, na wala huwezi kukiusia. Kinarudi kwa mwenyewe. Haya, tuanze na hii gita. Uliipata wapi?"

Uledi alifungua mudomo aseme "yangu". Alishasema hivyo mara nyingi, kwa wageni, kwa Josias, kwa watoto wa shule. Lakini Mwalimu alishainuka, na kwa ncha ya biki, asiguse, akageuza kipande cha bati kilichofungwa na waya kwenye shingo ya gita.

Hapa nieleze kidogo. Fundi Uledi alikuwa na desturi. Mutu akileta chombo kibovu, yeye anakata kibati kwenye mukebe wa tomate, anakwaruza na musumari mambo matatu: jina la mwenyewe, siku aliyoleta, na ugonjwa wa chombo. Mwenyewe akirudi, kibati kinatolewa, kinatupwa kwenye ndoo, na chombo kinaenda. Lakini Rumonge ni muji wa watu kukimbia, kurudi, na kukimbia tena. Wengi waliacha vyombo kwa fundi Ijumaa, Jumatatu wakawa ng'ambo ya ziwa. Uledi alivitundika ili panya wasivile. Vikakaa mwaka, vikakaa kumi. Vibati vikageukia ukuta, na yeye akaacha kuvisoma. Tahira peke yake ndiye hakuacha kusema. Kila akipanguza vumbi alikuwa anasema, "Uledi, vitu vya watu hivi." Na Uledi: "Najua." Tahira alipokufa, hakukuwa tena na mutu wa kusema, na "najua" nayo ikaisha.

Mwalimu alisoma polepole. "Mushagalusa. Tarehe nane mwezi wa tatu, tisini na mbili. Shingo imepasuka." Akageuka. "Mushagalusa ndiye nani?"

"Mukongomani fulani. Alikuwa anapiga kwenye maharusi. Alirudi kwao. Nilisikia alikufa."

"Ana watoto?"

"Sijui."

"Ulishauliza mutu?"

Mwalimu akaenda kwa ya pili, ya tatu. Mwanahamisi, udi, tumbo limeachana. Melkiades, zeze, uzi na ngozi. Mutu wa Bugarama, inanga, mchwa. Aliandika kila jina kwenye kaye, bila kuharakisha, na sauti yake iliyokuwa ya mchezo ikawa ya darasani. Walifika mwisho wa ukuta wa pili. Kwenye pembe kulikuwa na inanga moja imepinda upande, nyuzi zimekaa kama meno mabaya.

"Hii haina kibati."

"Hii ni yangu," Uledi alisema. "Niliichonga nikiwa najifunza. Niliharibu mbao."

"Kwa hiyo mali yako ni inanga moja." Mwalimu akapiga hesabu kichwani. "Na theluthi yake..."

"Nyuzi mbili na kitu," Uledi akasema.

Safari hii hakuna aliyecheka.

Mwalimu akafunga kaye. "Baba Sumaya, mimi nakuheshimu kama baba yangu. Lakini nikiandika hapa kwamba zote ni zako, nimeandika wongo, na wewe utakufa nao. Tangaza haya majina. Atakayekuja achukue. Ambaye hatakuja, kitu chake kikae mahali kwa jina lake. Si kwa jina lako."

Uledi alitaka kumuuliza: zikienda, nani atabaki na mimi humu? Lakini utamuulizaje mwanaume mwenzako swali kama hilo, na yeye iko na wake wawili na watoto tisa nyumbani? Akamushukuru tu, "Murakoze, Mwalimu," akamusindikiza mupaka kwenye matete.

Wiki mbili hakutangaza kitu. Josias alipita, akasema kibao cha mulango kiko kwa muandishi, kimeshapakwa. Uledi akasema vizuri. Asubuhi moja akachukua koleo. Alishafikiri vya kutosha: kibati ni nini? Ni mukebe wa tomate. Waya ukikatwa, nani atajua? Mwalimu kweli aliandika, lakini Mwalimu hawezi kumushitaki muzee wa moyo mukubwa kwa ajili ya mbao. Akaanza na zeze ya Melkiades kwa sababu ndiyo ilikuwa karibu na mukono. Kata, tik. Kibati kikaanguka mukononi.

Akakisogeza kwenye mwangaza, na hapo akaona M.

Ilikuwa M yenye miguu mirefu, moja imevuka musitari. Yeye Uledi hajawahi kuandika M namna hiyo. Ni Tahira. Alisahau kabisa: kazi ilipokuwa nyingi, ni Tahira alikuwa anakwaruza vibati, maana yeye alisoma kwa masista mupaka mwaka wa tano na alikuwa anajivunia herufi zake. Alikuwa anatoa ulimi pembeni ya mudomo wakati anaandika. Melkiades. Tarehe kumi na tisa mwezi wa kumi, tisini na tatu. Siku mbili kabla rais kuuawa na nchi kuwaka. Na chini yake Tahira aliongeza kitu ambacho si ugonjwa: "amesema atarudi".

Uledi alikaa chini na koleo mukononi mupaka uji ukaganda. Halafu akatafuta waya mupya, akarudisha kibati shingoni kwa zeze, akaenda kwa Mwalimu na miguu yake.

Ijumaa baada ya swala majina yakasomwa. Jumapili yakasomwa kanisani, maana wenye inanga wengi ni Wakristo. Watu wa mitumbwi wakapewa majina wapeleke ng'ambo. Uledi akavaa kanzu safi, akakaa mulangoni anangoja. Wiki nzima, watatu tu. Mujukuu wa Mwanahamisi alikuja na baiskeli, akafunga udi kwenye kitenge, akasema bibi alishafariki lakini mama atafurahi, na hakukaa hata kunywa maji. Kibati cha bibi kikaenda kwenye ndoo. Mutu wa Bugarama alituma shemeji yake. Mwingine alikuja, akatazama ikembe yake, akacheka, akasema, "Lo, kumbe ilikuwa ndogo hivi!" akaiweka mufukoni na kuondoka. Kila moja iliacha kwenye ukuta umbo lake, jeupe, safi, na musumari katikati. Asubuhi Uledi alipokuwa anapita kugonga, mukono wake ulikuwa unafika kwenye umbo jeupe na kusimama hewani.

Siku ya kumi mama moja muuza mikeke akapiga hodi. "Fundi, huyu Melkiades mulimsoma, si wa zeze? Mbona iko Kabonga? Anashona nyavu pale. Kila wiki ninamuona."

Kabonga! Uledi alimuhesabu kama mufu toka zamani. Kabonga ni hapo tu, unapita Nyanza-Lac, unakaribia mupaka wa Tanzania.

Esansi, mafuta ya gari, ilikuwa hakuna, magari yamelala kwenye foleni, kwa hiyo alingoja siku mbili mupaka kamio, lori ya kubeba mawese, ikamupa nafasi mbele, na zeze na upinde wake kwenye mapaja. Dereva akamuuliza, "Muzee, unaenda kupiga harusi?" Uledi akasema, "Naenda kurudisha." Ziwa likawa upande wa kulia safari nzima, na Uledi alikuwa anajipangia maneno. Atasema, ndugu, nilikutunzia. Melkiades atamshukuru. Maneno yalikuwa matamu mupaka Nyanza-Lac.

Alimukuta Melkiades chini ya mabati, amekaa kwenye nyavu, sindano ya mbao mukononi. Amezeeka, amekuwa mwembamba kama uzi wenyewe. Aliinua macho, akaona zeze kabla ya kuona mutu.

"Fundi."

"Melkiades! Mungu wangu! Uko hapa toka lini?"

"Toka tulipotoka kambini Tanzania. Mwaka wa nne. Elfu mbili na nne."

Uledi akahesabu. Zaidi ya miaka ishirini. "Na hukuja kuchukua? Toka hapa mupaka kwangu si safari ya asubuhi moja?"

Melkiades alivuta uzi wa wavu, akaukaza. "Nilikuja."

"Lini?"

"Mara mbili. Ya kwanza ulikuwa umefiwa, watu wamejaa, nikatoa pole, hukunitambua, nikarudi. Ya pili ni mwaka jana. Nilikuta una wageni, wanapiga foto. Nikasimama nyuma yao na kofia mukononi. Mugeni moja akaonyesha hii zeze, akauliza ya nani. Ukasema, yangu, zote zangu."

Upande wa ziwa watu walikuwa wanavuta mutumbwi, wanaitana. Uledi aliwasikia kama wako mbali sana.

"Kwa nini hukusema kitu?"

"Niseme nini mbele ya watu? Umenitunzia kitu zaidi ya miaka thelathini, panya hawakula, maji hayakuchukua. Halafu mimi nikuvue nguo kwa dakika moja? Nikasema, basi, imempenda fundi. Nikarudi kushona."

Yale maneno matamu yote Uledi aliyobeba kwenye kamio hayakutoka. Aliweka zeze kwenye nyavu, kati yao, akasema neno moja tu, "Nisamehe," na kifua kikamubana, ikamubidi akae.

Muke wa Melkiades alitoka na kikombe cha maji. Alikuwa mama munene, mikono kiunoni. "Hii ndiyo nini?"

"Ni zeze yangu," Melkiades alisema.

"Yako!" Mama akamutazama Uledi. "Baba, huyu mwanaume nilimupata kambini. Toka tumeoana ananiambia, mimi nilikuwa mupiga zeze, Rumonge nzima walinijua. Mimi nikasema, wongo wa wanaume, kambini kila mutu alikuwa mukubwa kwao. Kumbe ni kweli?"

"Ni kweli," Uledi alisema. "Walikuwa wanamungoja yeye ndipo harusi inaanza."

Mama akajifunga kitenge vizuri, akakaa. "Haya, mupiga zeze. Piga nione."

Melkiades alicheka kwa aibu, akasema vidole vimekuwa vya nyavu, akakataa, mama akasema nilijua, basi akaichukua. Uzi ulikuwa umelegea kwa safari. Uledi akanyosha mukono bila kufikiri, akaukaza, akafunga jicho moja, ti, ti, tiii. "Imepona." Melkiades akavuta upinde. Ya kwanza ilitoka kama paka aliyekanyagwa, na wajukuu wakaanguka kwa kicheko. Ya pili hivyo hivyo. Halafu kuna mahali mukono ulikumbuka. Haikuwa nzuri, usidhani ilikuwa nzuri. Lakini ilikuwa wimbo, ina mwanzo na inaenda mahali, na mama aliacha kucheka, akatazama ule mukono wa mume wake kama mutu anayemuona mugeni ndani ya nyumba yake.

Uledi alisikiliza mupaka mwisho. Miaka yote hiyo ile zeze ilikuwa kwake, hakuwahi kujua kwamba ndani yake kuna hiyo.

Kwenye kukata kibati Melkiades alimuomba. "Niachie, fundi. Hii herufi ni ya mama Sumaya, si ndiyo?" Uledi akashika kibati kidogo. Alitaka kukiweka mufukoni. Akakiacha.

Alirudi Rumonge kesho yake na mikono mitupu. Josias alikuwa anamungoja mulangoni, kibao kimefungwa kwenye karatasi, amekiegemeza ukutani. "Papa, tazama!" Akachana karatasi. Kweli, bluu, herufi kubwa. Uledi alisoma jina lake mara mbili. Alipita kidole juu ya U, rangi ilikuwa imekauka vizuri.

"Ni zuri," alisema. "Geuza."

"Vipi?"

"Geuza upande wa pili, uandike huko. Andika VITU VYA WATU."

"Papa, unacheza?"

"Zimebaki kumi na nane za watu. Utaziweka kwa vibati vyao, usitoe hata kimoja. Mutu akija akisema jina na ugonjwa wa chombo, mupe, hata kama umeshaweka vioo. Mwalimu ameandika yote kwenye kaye. Hukubali, sikupi."

Josias alivua kofia. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza mutu wa mutaa ule kuona kichwa chake, na kilikuwa na upara tayari. "Na wewe jina lako litakuwa wapi, papa?"

"Unijibu, unakubali?"

"Nakubali. Lakini rangi nyingine nitaombaje komini..."

"Tumia mkaa."

Alhamisi kijana akaja na mukokoteni na blanketi. Walitoa vyombo kimoja kimoja, na kila kimoja Uledi alikigonga mara tatu kabla ya kukipitisha mulangoni. Haikumaliza hata saa moja. Mukokoteni ukapanda juu, unalia kwenye mawe, Josias anashika akordeo mwenyewe kama mutoto muchanga. Uledi akaingia ndani. Kuta zilikuwa zimejaa maumbo meupe, marefu na ya mviringo, na sauti ya ziwa ilikuwa inaingia kwa nguvu kuliko zamani. Kwenye pembe ilibaki ile inanga iliyopinda. Hiyo Josias hakuichukua, maana haikuwa kwenye kaye.

Alimupigia Sumaya. "Baba, niko na mteja, nakupigia," Sumaya akasema, na mashine ikalia, trrr, simu ikakatika.

Uledi alitafuta mukebe wa tomate chini ya meza, akakata kibati na mukasi, akapiga pembe zake kwa nyundo zisimukate mutu. Akachukua musumari. Alikwaruza polepole, na bila kujua akatoa ulimi pembeni ya mudomo. ULEDI. Akaandika tarehe ya siku hiyo. Kwenye ugonjwa alisimama muda mrefu. Mbao ilipinda, lakini hiyo si ugonjwa, ilizaliwa hivyo. Nyuzi zilikuwa nzima. Mwisho akaandika: "mupigaji hakuna".

Akakifunga kwenye ncha ya inanga na waya, akaitundika katikati ya ukuta, kwenye musumari wa zeze ya Melkiades. Halafu akavuta kiti, akakiweka karibu na mulango, mahali ambapo mutu akipita njiani ataonekana.